Minara ya PlayStation 2: Siri Niliyoikuta Katika Memori Kadi ya Kibanda cha Majengo

Kila aliyewahi kuwasha PlayStation 2 anaijua picha inayotangulia mchezo wowote: ukungu wa buluu iliyoiva, vimulimuli vinavyozunguka, minara ya pembe nne iliyosimama kwa makundi, na maandishi ya Sony Computer Entertainment yanayoelea katikati kabla ya kila kitu kumezwa na giza. Kwa wengi wetu tuliokulia kwenye vibanda vya gemu vya Moshi na Arusha, sekunde hizo zilikuwa za kungojea tu, kwa kuwa akili ilikwishafika kwenye kuchagua timu na mikono ilikwishashika pedi. Nimekuja kujua, tena kwa kujaribu mwenyewe na si kwa kusimuliwa, kwamba minara ile haikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Mashine huichora upya kila inapowashwa kwa kufuata orodha ya michezo iliyokwisha kuchezwa, orodha ambayo imehifadhiwa ndani ya memori kadi, na ndiyo maana minara ya kibanda kimoja haikufanana na ya kibanda cha mtaa wa pili.

Mashine niliyoifanyia majaribio ni ile ya umbo nene la awali, iliyofanya kazi kwa miaka mingi katika kibanda kimoja cha Majengo, Moshi, mbele ya televisheni ya chogo iliyowekwa juu ya meza ya mbao. Mwenye kibanda, ambaye vijana wote tulimwita Mangi, aliendesha biashara yake kwa utaratibu uliojulikana katika kila mtaa wa mji huu: unalipa sarafu yako, unacheza mechi, anayefungwa anampisha anayefuata, na ubishi wowote unaamuliwa na Mangi mwenyewe bila rufaa. Simu zenye gemu zilipoenea na wateja wakapungua, alifunga kibanda, akauza televisheni, na mashine akaiweka stoo. Nilipokwenda kumwomba aniuzie, alinipatia pamoja na nyaya zake, pedi mbili zilizochakaa, na memori kadi moja nyeusi ya megabaiti 8 iliyokuwa bado imechomekwa mahali pake. Kadi hiyo ndiyo mada yangu hapa kuliko mashine yenyewe.

Nilianza kuitilia maanani siku nilipoitoa kadi ili kupangusa vumbi kwenye matundu ya pedi, kisha nikaiwasha mashine kabla ya kuirudisha. Ukungu ulikuwapo na vimulimuli vilikuwapo, lakini minara haikuwapo. Nilizima, nikachomeka kadi, nikawasha tena, na minara ikarudi ikiwa imejaa kioo kizima, mingine mifupi na mingine mirefu kiasi cha kukaribia kamera inayopita juu yake. Mdogo wangu aliyekuwa amekaa karibu aliniuliza, "Kaka, kumbe hii inajua imechezwa?" Sikumjibu siku hiyo, kwa sababu niliona swali lake linastahili jibu lililopimwa.

Njia ya kupima ilikuwa rahisi, na yeyote mwenye mashine hiyo anaweza kuifuata. Nilitafuta kadi nyingine isiyo na kitu ndani, nikawasha mashine na kuona uwanja mtupu, kisha nikaingiza diski moja na kuuacha mchezo ufunguke. Nilipozima na kuwasha tena, palikuwa na kijikundi kidogo cha minara mahali pamoja. Diski ya pili ilizaa kikundi kingine mahali pengine, na diski ya tatu vivyo hivyo, wakati ile ya kwanza ikiendelea kubaki pale pale ilipoota. Hadi hapo ilikuwa wazi kwamba kila mchezo una kiwanja chake katika ule mji wa vioo, na kwamba mashine inaukumbuka mchezo hata kama hukuhifadhi maendeleo yoyote ndani ya kadi.

Swali lililobaki lilikuwa la urefu. Maelezo mengi yanayozunguka husema kwamba mnara unarefuka kadiri unavyoucheza mchezo, lakini hayasemi kama kinachohesabiwa ni saa ulizokaa, mara ulizohifadhi, au mara ulizofungua. Kwa hiyo nilichukua michezo miwili ambayo kadi mpya haikuwahi kuiona. Mmoja niliuacha ukiwaka mchana kutwa, mdogo wangu na rafiki zake wakipokezana pedi, bila kuzima hata mara moja. Mwingine niliufungua, nikazima mara tu jina lake lilipotokea, nikafungua tena, na kuendelea hivyo kwa uvumilivu. Ule uliochezwa mchana kutwa ulibaki mfupi, na ule ambao haukuchezwa hata dakika moja ya maana ukarefuka. Mashine haipimi muda wa mapenzi yako kwa mchezo, inahesabu ni mara ngapi umeufungua.

Jaribio la mwisho katika awamu hiyo lilikuwa la kufuta. Ndani ya kivinjari cha memori kadi, yaani ile sehemu unayoifikia unapowasha mashine bila diski, kuna kitu kinachoonekana kama mchezo uliohifadhiwa lakini hakina jina la mchezo. Kimeandikwa Your System Configuration, na watu wengi hukifuta kwa kuamini kwamba ni uchafu unaojaza nafasi. Nilikifuta katika kadi ya majaribio, si katika kadi ya Mangi, na mashine ilipowashwa minara yote ilikuwa imeondoka.

Ilinibidi niende mbele zaidi, kwa sababu kuona kwamba kitu kipo si sawa na kujua kilichoandikwa ndani yake. Fundi mmoja wa Arusha anayeshughulika na mashine za zamani aliniazima memori kadi iliyotiwa programu ya Free McBoot, ambayo huiwezesha PlayStation 2 kufungua programu zisizotoka kwenye diski. Kwa kuiweka kadi yake katika tundu moja na kadi ya Mangi katika tundu la pili, kisha kutumia programu ya uLaunchELF, niliweza kunakili faili za mfumo kwenda kwenye flashi niliyoichomeka katika tundu la USB lililo mbele ya mashine. Katika folda ya mfumo, ambayo jina lake hubadilika herufi moja kulingana na eneo ambalo mashine ilitengenezewa, kuna faili dogo liitwalo history. Ni dogo kwa kweli, halifiki hata baiti 500, na lina nafasi 21 tu za michezo. Kila nafasi hubeba namba ya diski, hesabu ya mara ambazo mchezo umefunguliwa, alama zinazosema minara yake isimame wapi, na tarehe ya mwisho mchezo huo ulipofunguliwa. Nafasi 21 zikijaa na diski mpya ikaingia, mchezo uliofunguliwa mara chache ndio unaompisha mgeni.

Namba za diski ndizo zilizonipa furaha kubwa zaidi, kwa sababu zinasomeka wazi unapolifungua faili katika kompyuta. Zinazoanza kwa SLES zilitolewa kwa ajili ya Ulaya, zinazoanza kwa SLUS ni za Marekani, na za Japani huanza kwa SLPS au SLPM. Katika faili la Majengo zilikuwa zimechanganyika zote, na mchanganyiko huo ni historia ya biashara ya diski katika mji wetu, ambapo mtu alileta kutoka Nairobi, mwingine Dar es Salaam, mwingine alipewa na ndugu aliyerudi kutoka nje, na wote waliishia kwa Mangi. Namba yenye hesabu kubwa kuliko zote ilikuwa ya mchezo wa mpira wa Konami, ule ulioitwa Winning Eleven kule Japani na Pro Evolution Soccer kule Ulaya. Hilo halikunishangaza hata kidogo. Kilichonishangaza ni kwamba ulikuwa na nafasi chache mno katika orodha.

Nilikumbuka vizuri kwamba kibanda kilipata diski mpya ya mpira karibu kila msimu, na kila diski ilipoingia Mangi alibandika tangazo mlangoni. Jibu lilikuwa katika namba. Diski hizo nyingi zilikuwa ni kazi ya mafundi waliochukua toleo moja la zamani na kubadilisha majina ya wachezaji, jezi na wakati mwingine sauti ya mtangazaji, lakini namba iliyo ndani ya diski hawakuigusa. Kwa macho ya mashine, misimu yote ile ilikuwa mchezo mmoja uliofunguliwa tena na tena, na mnara wake ulikuwa ukirefuka wakati sisi tukiamini kwamba tunacheza kitu kipya. Siwalaumu mafundi wale, kwa sababu kazi yao ilituletea vikosi vya mwaka husika wakati hakuna duka hata moja mjini lililouza diski halisi ya mwaka huo.

Liko jambo jingine ambalo mtu wa mbali asingelifikiria. Kwa kuwa kinachohesabiwa ni kufungua mchezo na si kuucheza, kibanda kilichowashwa asubuhi na kuzimwa usiku, diski ikiwa ndani siku nzima, kingepaswa kuwa na minara mifupi. Lakini umeme wa miaka ile haukuwa wa kutegemewa. Ulipokatika katikati ya mechi tulipiga kelele, tukabishana kuhusu aliyekuwa akiongoza, na uliporudi mashine iliwashwa upya, diski ikasomwa upya, na hesabu ikaongezeka. Sehemu ya urefu wa mnara ule, kwa hiyo, ni mgao wa umeme ulioandikwa bila mtu yeyote kukusudia. Natamani ningeweza kuoanisha hesabu hizo na tarehe, ila tarehe za kadi hii haziaminiki, kwa kuwa kijibetri cha duara kinachotunza saa ya mashine, kile cha CR2032, kilikwishakufa muda mrefu uliopita. Waliopita pale watakumbuka kwamba mashine ilikuwa ikiuliza lugha na saa kila ilipowashwa, na Mangi akibonyeza kitufe kuipita bila kusoma.

Nilimpelekea habari hizi Mangi nyumbani kwake, nikiwa nimechukua video ya minara kwa simu. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwonyesha, nikamweleza maana yake kwa taratibu. Aliiangalia mara ya pili, akaweka kidole juu ya mnara mrefu kuliko yote na kusema, "Huu ni wa mpira, mwanangu, huo hata usiniambie." Kisha akaanza kuulizia michezo mingine kwa majina tuliyoipa sisi wenyewe, ule wa mieleka, ule wa magari, ule wa ngumi wa Tekken, na ule wa San Andreas ambao alikuwa akiwaruhusu wakubwa tu baada ya saa za shule. Ile ambayo haikuwamo katika orodha aliieleza haraka: diski yake ilikwaruzika mapema, au haikupendwa.

Siri za namna hii katika mashine na michezo ya video huitwa mayai ya Pasaka, na zina historia inayostahili kuelezwa, kwa kuwa bila kuijua huwezi kuona kwa nini minara ya PlayStation 2 ni ya aina yake. Mwanzoni karibu zote zilikuwa saini. Mwaka 1977 kampuni ya Atari ilitoa mashine ya sarafu iliyoitwa Starship 1, na mtengenezaji wake, Ron Milner, alificha ndani yake salamu fupi inayotokea kwa kufuata mpangilio maalumu wa vidhibiti: "Hi Ron!" Salamu hiyo haikujulikana kwa watu hadi mwaka 2017, yaani miaka 40 baadaye.

Inayojulikana zaidi ni ya Warren Robinett. Huyu aliutengeneza mchezo wa Adventure kwa ajili ya mashine ya Atari 2600, akiwa peke yake, ndani ya kaseti yenye kilobaiti 4 tu za nafasi. Wakati huo Atari haikuwa ikiandika majina ya watengenezaji katika michezo yake, ingawa mchezo mmoja uliweza kuiingizia fedha nyingi. Robinett alitengeneza chumba ambacho hakikutajwa popote, na ufunguo wake ulikuwa nukta moja ya kijivu iliyowekwa juu ya sakafu ya kijivu ndani ya jumba la giza, kiasi kwamba macho hayawezi kuitofautisha na kinachoizunguka. Mchezaji aliyeiokota bila kuiona na kuipeleka mahali panapotakiwa aliweza kupenya ukuta, na ndani akakuta maandishi yanayosema kwamba mchezo umeumbwa na Warren Robinett. Hakumwambia mtu. Aliondoka Atari, kaseti zikauzwa, na ndipo kijana wa miaka 15 wa Salt Lake City, Marekani, alipoandika barua kwa kampuni kueleza alichokigundua. Kukibadilisha kile chumba kungegharimu fedha kwa kuwa programu ilikuwa imechorwa ndani ya chipu zenyewe, na Steve Wright, aliyekuwa akiongoza kazi ya programu pale Atari, alishauri kiachwe, akakifananisha na yai ambalo watoto hulitafuta siku ya Pasaka. Jina hilo ndilo linalotumika hadi leo.

Huwa naona kwamba kisa hiki kinasimuliwa kwa wepesi kupita kiasi, kana kwamba Robinett alikuwa akifanya utani. Mtu aliyefanya kazi ya wengi akiwa peke yake alinyimwa jina lake, naye akaliandika mahali ambapo mwajiri asingelifuta kabla halijasambaa. Katika miaka hiyohiyo, David Crane na wenzake watatu waliiacha Atari, wakidai kutambuliwa na kulipwa ipasavyo, na mwaka 1979 ikazaliwa Activision, ambayo iliwatangaza watengenezaji wake kwa majina. Chumba cha Adventure na kampuni mpya ni majibu mawili ya dhuluma ileile.

Kutoka kwenye michezo, siri zikahamia ndani ya mashine zenyewe, na hapo ndipo zinaponivutia zaidi, kwa kuwa mashine ni ya kila anayeimiliki hata kama hana diski wala kaseti yoyote. Sega Master System ya mwaka 1986 ukiiwasha bila kaseti huku umebonyeza juu pamoja na vitufe vyote viwili, inakufungulia mchezo mzima wa konokono anayetafuta njia katika mzingile. Nintendo GameCube ya mwaka 2001, ukiiwasha huku umeshikilia kitufe cha Z, hubadilisha sauti yake ya mwanzo kuwa milio ya kuchekesha, na pedi nne zikishikiliwa Z kwa pamoja husikika milio ya kale ya Kijapani. Mashine hiyohiyo ina muziki hafifu wa ukurasa wa mwanzo ambao wengi waliudhani ni kelele za anga tu, mpaka ulipochezwa kwa kasi kubwa na kugundulika kwamba ni wimbo wa kuwashia Famicom Disk System ya mwaka 1986, kifaa cha diski cha Famicom, mashine ya zamani ya Nintendo, uliopunguzwa mwendo hadi usitambulike. Xbox ya kwanza, nayo ya mwaka 2001, ilificha majina ya walioutengeneza ukurasa wake wa mwanzo, na siri yake ya mwisho haikujulikana mpaka mwaka 2021, pale mmoja wa waliohusika alipoamua kuieleza.

Ya Nintendo Switch ni ya namna nyingine, na sijaona nyingine inayonigusa kama hiyo. Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa Nintendo tangu mwaka 2002, alifariki tarehe 11 Julai 2015 akiwa na miaka 55. Kabla ya kuwa kiongozi alikuwa mwandishi wa programu katika kampuni ya michezo ya HAL Laboratory, na yeye ndiye aliyeuandika mchezo wa Golf uliotoka mwaka 1984 kwa mashine ya Famicom. Switch ilitoka Machi 2017, na mnamo Septemba mwaka huohuo ikagundulika kwamba ndani ya programu yake kulikuwa na mchezo huo wa Golf, ukiwa umehifadhiwa chini ya jina la flog, yaani golf iliyosomwa kinyumenyume. Ili kuufungua, saa ya mashine ilipaswa kusoma tarehe 11 Julai, na mchezaji alipaswa kushika vidhibiti viwili vilivyochomolewa kisha kuisogeza mikono yake mbele kwa ishara ambayo Iwata aliizoeza watazamaji katika matangazo yake ya video, alipotaka kusema kwamba anazungumza nao moja kwa moja. Kama mashine ilikwishaunganishwa na intaneti hata mara moja, kubadilisha tarehe kwa mkono hakukusaidia, kwa kuwa ilifuata saa iliyopokelewa kutoka kwenye mtandao. Baadaye masasisho ya programu yaliuondoa mchezo huo. Nafahamu kwamba kampuni ina haki ya kupanga kilicho ndani ya mashine yake, lakini naona kuondolewa huko ni hasara, kwa sababu jambo lile halikumsumbua mtu yeyote na lilikuwa limewekwa kwa heshima.

Sasa ukizipanga siri hizi zote mbele yako, utaona kwamba karibu kila moja inamzungumzia aliyeitengeneza mashine au mchezo. Robinett anasema mimi ndiye niliyefanya, wenzake wa Xbox wanasema sisi ndio tuliofanya, na wa Switch wanasema tunamkumbuka aliyetutangulia. PlayStation 2 haisemi neno lolote kuhusu waliobuni minara yake. Inamzungumzia mchezaji. Mtu aliyeipanga picha ile alifikiri kwamba mashine, iliyotoka Japani Machi 2000 na ambayo hatimaye iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani hadi uzalishaji wake uliposimama mwanzoni mwa mwaka 2013, inaweza kumwonyesha kila mmiliki historia yake mwenyewe bila kumtangazia. Haifunguliwi kwa kubonyeza vitufe vya siri wala kwa kuchezea tarehe. Imekaa mbele ya macho ya kila mtu, na ilihitaji tu mtu aulize kwa nini leo minara ni mingi kuliko jana.

Kwetu maana yake inazidi ile iliyokusudiwa. Walioibuni walimfikiria mtu mmoja sebuleni kwake, mwenye mashine yake na kadi yake. Katika kibanda cha Majengo kadi moja ilikuwa ya mtaa mzima, na orodha iliyo ndani yake haikuandikwa na mchezaji mmoja bali na watoto waliotoka shule, makondakta waliopumzika kati ya safari, wanafunzi wa chuo, na mafundi wa gereji za jirani waliofika na mikono yenye grisi mpaka Mangi akawawekea kitambaa. Hakuna daftari lililoandikwa kuhusu vibanda hivi. Leseni za biashara haziwezi kueleza ni mchezo gani ulipendwa na upi ulikataliwa. Faili lile lisilofika baiti 500 linaeleza, japo kwa ufupi mkubwa na kwa nafasi 21 tu.

Kwa sababu hiyo nina ombi kwa yeyote aliyewahi kumiliki kibanda cha gemu Moshi, Arusha, Himo, Usa River au popote katika ukanda huu, au aliyebaki na memori kadi ya kibanda kilichofungwa. Usiifomati na usiiuze kabla ya kuiangalia. Ichomeke katika PlayStation 2 yoyote inayofanya kazi, washa, na kabla ya kufanya lolote chukua video ya kioo kwa simu kuanzia sekunde ya kwanza, kwa maana minara hupita haraka. Kama picha ya mwanzo inarukwa kabisa, huenda mashine hiyo ilifungwa chipu inayoipita, na hapo utahitaji kutafuta mashine nyingine. Usiingize diski ambayo kadi hiyo haijawahi kuiona, kwa kuwa ikiwa nafasi zimejaa, diski yako itaufuta mchezo mmoja wa zamani. Ukiona rangi nyekundu ya ukungu badala ya minara, usiogope kuhusu kadi, maana hiyo ni dalili kwamba diski iliyomo haisomeki. Na ukifika kwenye Your System Configuration, ipite bila kuigusa, hata kama kadi imejaa na unahitaji nafasi, kwa sababu ukiifuta mashine itaunda nyingine tupu mara utakapofungua mchezo, na ile ya zamani haitarudi.